Kabla hujarudi Gikomba, pita Kiritiri

Ukiulizwa sasa hivi utaje masoko unayoyajua, hutakawia. Gikomba itakuwa ya kwanza, maana huko ndiko ulikookota lile jaketi 'kamera' ambalo marafiki zako hawaamini ulilinunua kwa bei uliyowaambia. Utataja Toi, Muthurwa, Marikiti na yale majengo ya ghorofa ya Eastleigh. Mwana wa Mombasa atasema Kongowea. Baada ya hapo, kimya.

Kiritiri je?

Jina pengine umelisikia, na kama umelisikia basi huenda ni kwa sababu moja. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta nazo zikachukua hatua, viongozi wa Embu wakaja juu, na kwa siku kadhaa Mbeere ilikuwa kwenye kila simu. Vichekesho vikatengenezwa. Watu wakabishana mpaka wakachoka. Kisha mambo yakapoa, ukarudi kwa yako, na Mbeere ikabaki kichwani mwako kama mahali pa majani ya kutafuna tu.

Ukurasa huu unasema hivi: kijana anayejiita mjanja wa kununua vitu, na hajawahi kusimama katika soko la mashinani siku ya soko lenyewe, bado ameona nusu ya biashara. Anaona bidhaa ikifika. Ilikotoka, aliyeipanda, na bei yake kabla mabroka watatu hawajaishika, hajui. Na hilo halimuumizi yeye peke yake.

Kwanza ufike. Kiritiri ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Kutoka Nairobi unapanda matatu za Embu pale Tea Room, unashika barabara kuu ya Thika, unapinda Makutano, unakata mashamba ya mpunga ya Mwea, na baada ya kilomita kama 120 hivi uko Embu mjini. Hapo unabadilisha gari. Matatu inayoteremka kupitia Gachoka inakupa somo la jiografia bila mwalimu: unaacha nyuma kahawa na makadamia ya miteremko ya Mlima Kenya, joto linapanda, miti inafupika, miiba inaanza, na miembe inaonekana kando ya barabara. Sweta uliyovaa asubuhi utaifunga kiunoni. Barabara hiyo hiyo ukiifuata mbele zaidi inavuka Mto Tana na kutokea Kangonde, kwenye barabara ya kwenda Garissa.

Huko chini, mtoni, ndiko yaliko mabwawa ya Seven Forks: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Kwa hivyo hata kama hujawahi kukanyaga huku, simu unayosomea maneno haya huenda imechajiwa na maji yanayopita si mbali na soko tunalokwambia. Uhusiano upo zamani. Ni wewe tu hujaja kusalimia.

Sasa, soko la aina hii halina nguvu moja kila siku. Lina siku yake. Siku nyingine utakuta maduka, hoteli ya chai na mandazi, kinyozi, wakala wa M-Pesa na bodaboda wakisubiri abiria chini ya mti. Siku ya soko ikifika, mji unabadilika kabisa. Wauza mitumba wanashusha mabelo waliyotoa Nairobi, akina mama wanatandaza magunia, malori yanarudi kinyumenyume huku utingo akipiga bodi. Kesho yake wafanyabiashara wengi wamehama, wako Siakago, Ishiara au Karaba. Wao hawakai wakingoja mteja, wanafuata soko lilipo. Jambo hili si la Embu tu. Hata jijini Delhi, India, pamoja na majumba yake yote ya kibiashara, kuna masoko ya mitaani yanayofunguliwa mara moja kwa wiki na kuitwa kwa siku yake. Som Bazaar, kwa mfano, ni soko la Jumatatu. Vijana wa huko wanajua ni mtaa gani, siku gani, na saa ngapi vitu vizuri huisha. Wewe unajua siku ya soko gani nje ya mtaa wenu?

Kwa hivyo, kabla ya kufunga safari, uliza. Muulize mtu wa matatu pale Embu, muulize mama wa kibanda mtaani kwenu anayetoka pande hizo. Ukienda siku isiyo ya soko utarudi ukisema Kiritiri hakuna kitu, na utakuwa umejidanganya mwenyewe.

Cha kununua? Anza na ndengu. Mbeere ni nchi kavu, mvua yake huja misimu miwili na mara nyingi haitoshi mahindi kukomaa vizuri, lakini ndengu, kunde, mbaazi na mtama vinaielewa ardhi hii. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili mitatu hivi. Mkulima akibahatika na mvua ya Oktoba hadi Desemba, mwanzoni mwa mwaka soko huwa la kijani. Utaona rundo juu ya rundo, na utasikia watu wakizitofautisha kama wewe unavyotofautisha viatu: hizi ni nailoni, zile zinang'aa mno, hizi ni ndogo lakini zinaiva haraka. Chota kiganjani. Tazama kama kuna vitobo vya wadudu. Zinuse. Hakuna atakayekukasirikia, maana hivyo ndivyo wanunuzi wote wanavyofanya.

Kisha kuna gorogoro. Kama umelelewa na mzazi anayenunua unga kwa pakiti, hiki ni kipimo chako cha kwanza cha utu uzima. Mkebe wa kilo mbili uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia sasa ndio mizani ya nusu ya Kenya. Muuzaji hupima, hurundika juu mpaka nafaka zinamwagika, halafu huongeza kiganja cha mwisho ambacho ndicho chako, cha ukarimu. Lakini mkebe nao una hila zake. Wako wanaougonga kitako kikaingia ndani, ukawa mkebe wa nje tu. Ukitaka kujua, ingiza mkono kabla haujajazwa. Na usidhani mjanja daima ni muuzaji wa rejareja. Hila kubwa iko kwa yule anayenunua shambani kwa jumla, anayemwambia mkulima ajaze gunia mpaka lishonewe kofia juu, lile linaloitwa lumbesa, kisha analilipia kama gunia moja. Ile kofia ni jasho la mtu. Serikali imelipiga vita lumbesa kwa kanuni na matamko kwa miaka mingi, na bado lori likipita ukitazama juu utaiona kofia.

Asali nayo usiiache. Mbeere wanafuga nyuki tangu zamani, kwa mizinga ya magogo inayotundikwa mitini. Mtu wa mjini akiona asali imeganda anasema imetiwa sukari. Si kweli, asali safi huganda. Rangi nayo hubadilika kulingana na maua ambayo nyuki ametembelea. Muulize muuzaji nyuki wake walikuwa kwenye miti gani. Atakayeanza kukuhadithia, nunua kwake.

Vyondo, kamba za mkonge, vibuyu, mapapai, maembe ya msimu, kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu akikutazama kwa lawama, vyote hivyo utakutana navyo. Kiondo tunakitaja mara mbili kwa sababu ya kifuko. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni haramu nchini, na bado kuna watu wanaokwenda sokoni mikono mitupu wakitarajia muujiza. Nunua kiondo kwanza, halafu kibebee vingine vyote.

Turudi kwa jambo lililotufanya tuandike. Mbuzi.

Kila Desemba, na kila kukiwa na sherehe, kuna video ya kijana wa Nairobi aliyekwenda mashinani akapata mbuzi 'bei ya kutupa'. Maoni hapo chini huwa ni ya furaha tupu: ni wapi hapo, nitumie namba, tunakuja. Sisi hatuna neno na nyama choma. Ila bei ya mbuzi katika eneo kame ni taarifa, na kabla ya kuishangilia inafaa ujue inasema nini.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi kuhusu kaunti kame za Kenya, na Mbeere, upande wa chini wa Embu, imo. Kati ya mambo wanayofuatilia ni mawili ambayo yeyote anaweza kuyaona sokoni: mbuzi anauzwa pesa ngapi, na pesa hizo zinanunua kilo ngapi za mahindi. Mvua ikinyesha, malisho yakiwepo, mbuzi hunona na mwenye mbuzi hana haraka. Mvua ikikosa, kila boma linaleta mbuzi siku moja, wote wamekonda, na wote wenye mbuzi wanahitaji unga jioni hiyo hiyo. Bei ya mbuzi inaanguka. Bei ya mahindi inapanda. Mbuzi aliyekuwa akilisha familia wiki kadhaa sasa anawalisha siku chache. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, maeneo kame ya nchi hii yalikosa mvua nzuri misimu mitano mfululizo. Fikiria ni mbuzi wangapi waliuzwa kwa hesabu hiyo, na ni ada za shule ngapi zilitoka kwa mnyama ambaye mwezi mmoja mbele angekuwa mzoga.

Kwa hivyo unapofika na simu yako na bei uliyoiona mtandaoni, ukamkuta mzee ameshika kamba ya mbuzi mmoja tangu alfajiri, jua sasa liko utosini, na yeye anaangalia magari yanayoondoka, usijipongeze kwamba wewe ni bingwa wa kubishana bei. Umemkuta amebanwa. Bishana, ndiyo, soko bila mabishano halina ladha, na yeye mwenyewe atakushangaa ukilipa bei ya kwanza. Lakini kuna bei ambayo ukishaifikia unanyamaza, unatoa pesa, unamshukuru mzee wa watu. Unaijua. Ni ile ambayo ungeona haya kumwambia babu yako mzazi.

Kuna watakaosema: kwani mimi nikimwongezea mia mbili nitamaliza ukame? Hutamaliza. Broka mwenye lori anamkuta katika hali hiyo hiyo kila juma, na yeye haoni haya. Tofauti ni kwamba broka hana chaguo zaidi ya faida yake, ilhali wewe umekuja na nauli yako kwa hiari. Afadhali uwe mnunuzi ambaye mzee angependa arudi.

Na muguka? Hatutajifanya hatuuoni, uko pale, kwenye mifuko, kwenye mashavu ya nusu ya utingo wa stendi. Ukurasa huu hauwashauri wasomaji wake watafune. Tunajua vijana waliopoteza usingizi, masomo na pesa kwa majani hayo, na huko Pwani wazazi hawakuwa wakipiga kelele bure. Lakini pia tunajua shule ngapi za huku zimelipiwa kwa muguka. Ni zao lililo chini ya sheria ya mazao, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku zile za kaunti, na anayelilima si mhalifu. Tatizo tunaloliona ni jingine: eneo zima kuegemea mti mmoja. Wakulima wa miraa kule Meru waliamka 2014 wakakuta Uingereza imefunga mlango, na soko lililojengwa kwa miaka mingi likaisha kwa sheria ya nchi nyingine. Mbeere walionja hofu hiyo hiyo Mei 2024, safari hii kutoka kwa kaunti za nchi yao wenyewe. Mtu akiwa na ndengu, asali na mbuzi wenye soko la uhakika, siku mlango mmoja ukifungwa hatalala njaa. Na soko la uhakika la vitu hivyo ni nani kama si mamilioni ya watu wa mijini wanaokula ndengu na chapati kila wiki bila kujua zilikotoka?

Hapa ndipo tunapowageukia wakubwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti kazi ya kustawisha biashara, na katika orodha hiyo hiyo moja ikataja masoko, leseni, haki katika biashara, utalii wa mashinani na vyama vya ushirika. Minada ya mifugo nayo iko chini ya kaunti, kwenye kilimo. Waandishi wa Katiba waliviweka pamoja vitu hivi, na tunaamini hawakukosea. Soko zuri la mashinani ni kivutio cha wageni, na ni mahali ambapo ushirika unaweza kupima mazao kwa mizani ya kweli. Lakini katika masoko mengi ya nchi hii utamkuta mtoza ushuru amefika asubuhi na mapema kuliko maji. Mama analipia nafasi ya kutandaza gunia juani, na choo anaomba kwenye hoteli. Kila kaunti inayotoza ushuru wa soko, popote ilipo, ingefaa ibandike langoni ni kiasi gani kilikusanywa mwezi uliopita na kilifanya nini sokoni humo. Karatasi moja tu. Hilo halihitaji wafadhili.

Nanyi vijana msingoje karatasi hiyo. Mnajua kuuza. Mnanunua belo Gikomba saa kumi na moja alfajiri, kufikia saa nne mmeshapiga picha na kuuza kwa WhatsApp. Ujuzi huo huo ukitumika kwa ndengu za Mbeere, mkaunganisha majirani kumi wa ploti moja wanunue gunia zima na kugawana kwa kilo, mabroka wawili wanapungua njiani na kila mtu anabaki na kitu. Asali inataka uangalifu zaidi. Ukishaifungasha na kuiwekea jina lako, sheria inakutaka uwe na alama ya ubora ya KEBS, na mteja ana haki ya kuitafuta. Anza na ndengu. Hazimwagiki.

Mambo machache ya adabu, kwa sababu tunawajua. Usimpige mtu picha kama mnyama wa mbugani. Muombe, na akikataa, nunua kitu hata hivyo. Salimia kabla ya kuuliza bei. Mzee ni mzee, mama ni mama. Lile neno 'mathe' utalisema mtaani kwenu, huku sema 'mama' vizuri, na kwa aliyezeeka sema 'cucu' kama wajukuu zake wanavyomwita. Sheng yako wataielewa, tena vijana wa huku wanayo yao, lakini haitakupunguzia bei. Kuwa na pesa taslimu kidogo pamoja na M-Pesa, maana mtandao nao una siku zake. Beba maji na kofia. Uliza gari la mwisho la kurudi Embu linaondoka saa ngapi, uulize watu wawili tofauti, kisha uamini saa ya mapema.

Na kama umeamua ni mbuzi, usimlipie kabla hujajua atasafiri vipi. Mifugo haihamishwi hivi hivi; kuna kibali cha ofisi ya mifugo, na kwenye vizuizi vya barabarani utaulizwa. Wenyeji wanajua pa kukipata na nani mwenye pikapu anayekwenda upande wenu. Matatu ya abiria itakukatalia, na ile itakayokubali, abiria watakuangalia wewe na mbuzi wako mpaka Thika.